Nilimwambia Amechelewa Kuniita

Watu niliwaambia ni ini. Huku kwetu Molo mwanamume hawezi kuamka asubuhi moja akatangaza kwamba ameacha pombe na akaeleweka. Ataulizwa ameokoka kanisa gani, au kama bibi amemkalia chapati akamtawala. Lakini ukisema, "Niko kwa dawa," unaachwa kwa amani, na hata kuna atakayekununulia soda. Kwa hiyo nilisema ni ini, na haukuwa uongo mtupu. Daktari mmoja kule Nakuru alikuwa amenibonyeza chini ya mbavu, akasoma karatasi ya damu, akaniuliza nakunywa kiasi gani.

"Kiasi tu," nikamjibu.

"Kiasi cha nani?"

Akaniambia nipumzike miezi mitatu, kisha nirudi tuone. Alisema "upumzike" kana kwamba kunywa ilikuwa kazi niliyoifanya kwa bidii mno. Sikumwambia kwamba siku ile nilikuwa tayari nimemaliza siku kumi na moja bila kuonja kitu, na kwamba ini halikuhusika kabisa. Nilikuwa nimeacha kwa sababu ya ng'ombe.

Mimi natibu ng'ombe. Si daktari hasa. Nina diploma ya afya ya mifugo, lakini huku milimani yeyote anayebeba sindano na kuvaa gambuti huitwa daktari, nami sikuwahi kumsahihisha mtu. Nina pikipiki, nina boksi la dawa nililolifunga nyuma kwa mpira, na kwa miaka mingi nilikuwa na chupa ndogo ya vodka, ile tunayoiita kwota, katika mfuko wa kushoto wa jaketi. Mfuko wa kulia ulikuwa wa kipimajoto. Nilijiambia kwota ni ya baridi, na kweli Molo kuna baridi. Ukiingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe anayeshindwa kuzaa, saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa umevua shati, utakuja kuniambia kuhusu baridi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na sitaki kuipamba. Mwenye ng'ombe anashukuru, anakuletea kitu cha kutoa baridi, unakunywa ukiwa umesimama zizini. Baadaye unapita dukani kwa rafiki yako anayeuza dawa za mifugo, mliyesoma naye chuoni, na huko nyuma ya duka kuna chumba chenye meza, viti vinne na magunia ya chumvi ya ng'ombe. Mwanzoni mlikuwa mkikaa humo jioni. Halafu ikawa baada ya chakula cha mchana. Halafu Jumamosi mkaanza saa mbili asubuhi, kwa sababu Jumamosi ni Jumamosi. Hakuna aliyeniita mlevi. Mlevi ni yule anayelala mtaroni. Mimi nilikuwa na simu iliyolia siku nzima.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Simu ilipigwa saa moja asubuhi na mama mmoja mjane anayekaa juu kabisa, mahali ambapo barabara ya gari huisha na unapanda kwa njia ya matope kando ya mashamba ya viazi. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye kiwele. Nilimjua vizuri kwa sababu nilikuwa nimemtibu mara nyingi.

"Daktari, amezaa jana jioni salama, lakini asubuhi nimemkuta amelala. Haamki. Masikio ni baridi."

Nilijua ni homa ya maziwa kabla hajamaliza kusema. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, kalsiamu inamwishia mwilini, anaanguka. Ukimwekea chupa ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo, unamwona akifufuka mbele ya macho yako. Katika kazi yangu yote hakuna tiba tamu kama hiyo. Nusu saa, na mnyama aliyekuwa amelala chini kama gunia anasimama anatafuta majani. Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, mama."

Nilipita dukani kuchukua chupa ya kalsiamu. Wenzangu walikuwa wameshaketi. Mmoja alikuwa ameagiza mbuzi, nyama ilikuwa jikoni. Niliketi kidogo. Nilifika kwa yule mama saa tano.

Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilisema kinyume chake. Alikuwa amemwegemeza ng'ombe kwa magunia ya nyasi kavu pande zote mbili ili asilale ubavu akavimba. Alikuwa amemfunika kwa blanketi lake mwenyewe la kitandani. Ndama, jike, alikuwa amemtenga pembeni na kumnywesha. Na kwenye jiko la kuni kulikuwa na sufuria ya maji ya moto.

"Maji haya hapa, daktari," aliniambia. "Siku ile nyingine uliipasha chupa kwanza."

"Si lazima," nikasema.

Ni lazima. Dawa inapashwa ifike joto la mwili, kisha unaiacha iingie polepole, chupa ukiishika chini, karibu na mgongo wa ng'ombe, huku sikio lako liko kwenye moyo wake. Ukiinua chupa juu, dawa inaingia kwa kasi, na kalsiamu nyingi kwa mara moja inasimamisha moyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi nilikuwa nimekunywa, na nyama ilikuwa karibu kuiva. Niliingiza sindano, ikapata mshipa mara ya kwanza, nikajisifu moyoni kwamba mkono wangu haujatetemeka. Kisha nikainua chupa juu ya kichwa changu. Kile kifaa cha kusikilizia moyo kilibaki ndani ya boksi.

Ng'ombe alitetemeka ngozi yote, kama anayefukuza nzi. Akanyoosha shingo. Akatoa pumzi moja ndefu, na hakuvuta nyingine.

Yule mama alikuwa amemshika kichwa. Hakulia. Aliniangalia tu, akingoja nimwambie ni nini anachokiona.

"Mama," nikasema, "umechelewa kuniita."

"Nilipiga saa moja."

"Hii ilianza usiku. Ungemwangalia usiku. Moyo ulikuwa umeshachoka."

Akaangalia mikono yake. Akasema, "Pole, daktari. Nimekutembeza bure." Kisha akaingia ndani akaniletea chai, kwa sababu mgeni hatoki bila chai, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikainywa hadi mwisho, ng'ombe akiwa pale chini ya blanketi.

Dukani wenzangu waliniuliza kazi imeendaje. Nikasema, "Mama amechelewa kuita." Mara ya pili maneno hayo yalitoka kwa urahisi zaidi. Mara ya tatu nilianza kuyaamini.

Nilikunywa wiki mbili mfululizo, zaidi kuliko nilivyowahi kunywa. Kisha siku ya soko nikamkuta yule mama akiuza kabichi, amesimama na mwanamke mwingine. Nilitaka kupita lakini aliniita, akanishika mkono, akamwambia mwenzake mbele yangu, "Huyu ndiye daktari. Alikuja mbio, lakini mimi nilikuwa nimechelewa kumwita. Ni makosa yangu." Alisema huku akiniangalia usoni. Nilisema, "Ni mambo ya Mungu, mama." Hayo ndiyo niliyompa, mambo ya Mungu. Nikaenda nyuma ya kibanda cha viatu nikatapika.

Kesho yake sikunywa, wala kesho kutwa.

Wanaosema ukiacha pombe unajisikia mwepesi, sijui waliacha pombe gani. Siku za kwanza mikono ilinitetemeka mpaka nikashindwa kuvuta dawa kwenye bomba la sindano mbele ya wenye ng'ombe, nikawa nawageuzia mgongo. Usiku niliamka nimelowa jasho. Nilikula peremende kama mtoto. Lakini mwili si kitu, mwili ulitulia baada ya wiki chache. Kilichonishinda ni alasiri. Sikujua kwamba kati ya saa tisa na saa moja jioni kuna muda mrefu hivyo. Kazi imeisha, ukungu umeshuka, malori ya viazi yamepandishwa mzigo na kuondoka, na wewe uko hapo na mikono yako miwili.

Nilienda dukani kukaa na wenzangu na soda. Walinipokea vizuri wiki ya kwanza. Ya pili, mazungumzo yalikuwa yakikatika nikiingia. Nilianza kusikia kwamba hadithi ni zilezile, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimezisimulia mara mia. Siku moja mwenye duka akaniambia, "Boss, usinielewe vibaya, lakini ukikaa hapo na hiyo soda ni kama umeleta pasta wa kanisa."

"Siwahukumu."

"Unatuangalia."

Nilikuwa ninawaangalia, ni kweli. Tulipobaki wawili aliniuliza, "Ni ule ng'ombe, si ndio?" Nikashtuka. Sikuwa nimemwambia kitu. Lakini yeye ndiye aliyeniuzia ile chupa asubuhi ile. Aliiona hali niliyoondoka nayo, na hakusema neno. "Ng'ombe hufa," akasema. "Hata wale wa hospitali wanazika. Usijiue." Nadhani alitaka kunifariji. Nilimchukia siku hiyo, na kusema kweli nilimchukia kwa sababu alikuwa amejua, akaninyamazia, kama vile mimi ningemnyamazia yeye. Huo ndio uliokuwa urafiki wetu. Sikurudi tena kukaa.

Kwa hiyo nikaanza kufika nyumbani saa kumi na moja jioni. Nilidhani nitapokelewa. Ni aibu kuandika hivi, lakini nilidhani hivyo. Mke wangu anafundisha chekechea, na binti yetu alikuwa kidato cha pili. Nilikuta wana maisha yao kamili. Kiti changu kilikuwa na rundo la vitabu vya kusahihishwa. Chakula cha jioni kililiwa mapema, wakicheka mambo ya shule ambayo sikujua mwanzo wake, na mimi nikivuta kiti kicheko kilikuwa kinaisha, taratibu, bila ubaya wowote, kama watu wanavyonyamaza akiingia mwenye nyumba ya kupanga.

Jioni ya kwanza mke wangu aliuliza, "Mbona uko hapa? Unaumwa?"

Nilimweleza mambo ya daktari wa Nakuru na ile miezi mitatu. Nilieleza kwa fahari kidogo. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Miezi mitatu," akasema. "Hiyo umeipata kwa daktari. Mimi nilikuomba siku moja."

Nilijua siku gani. Siku ya kumzika mama yake aliniomba, asubuhi, akinifunga tai, nisinywe mpaka wageni watoke. Nilisema sawa. Wakati wa kutia udongo nilitia mguu kaburini, nikashikwa na shemeji zangu wawili. Watu walidhani ni majonzi. Mke wangu hakudhani.

"Nilikuomba siku moja," alirudia, "na hata hukukumbuka kwamba nilikuomba."

Nilikumbuka. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nilikumbuka na bado nikanywa? Nikachukua kisu kingine nikaanza kumenya viazi, akaninyang'anya kwa upole, akasema ninatoa maganda mazito.

Mwezi wa tatu ulipoanza nikaamua kwenda kwa yule mama. Sikuombwa na mtu. Sikuokoka. Nilikuwa tu siwezi kuvumilia kusikia wateja wengine wakiniambia, "Daktari, tumekuita mapema, tusifanye kama yule mama." Uongo wangu ulikuwa umegeuka kuwa mafunzo ya kilimo.

Nilimkuta akimnywesha ndama kwa chupa. Maziwa alikuwa anaomba kwa jirani. Nilisimama nje ya lango la mbao, nikamwambia yote bila kuingia: kwota, nyama, maji ya moto niliyoyakataa, chupa niliyoinua. Nilizungumza haraka. Nilipomaliza nilikuwa nahema kama niliyepanda mlima kwa miguu.

Aliendelea kumnywesha ndama mpaka chupa ikaisha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Nilinusa ulipoinama. Bwanangu alikunywa miaka ishirini, ninajua harufu ya saa tano asubuhi. Na maji ya moto, mimi si mjinga. Nimeona ukitibu ng'ombe huyo kabla hujaharibika."

"Na pale sokoni? Ulisema ni makosa yako."

"Nilisema mbele yako nione kama utakataa." Alipangusa mdomo wa ndama kwa kitambaa chake cha kichwani. "Ukasema ni mambo ya Mungu."

Nilimwambia nitamtafutia mtamba mzuri, nitamlea mimi mwenyewe mpaka azae, nimletee.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya kukufanya wewe ulale. Mimi silali, na wewe usilale."

Niliuliza kwa nini basi hakunishtaki, au kuwaambia watu.

"Ningewaambia, halafu? Nani mwingine anapanda huku? Huyu ndama akiumwa nitamwita nani?" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia hivyo. "Mnajua tunawahitaji. Ndiyo maana mnakuja vile mnavyotaka."

Kisha akaniambia ndama anakohoa, kama niko sawa nimwangalie. Lakini kabla hajafungua lango alinisogelea, akainua uso wake, akasema, "Nipumulie." Mimi mtu mzima, na jirani yake akiangalia toka shamba la pili, niliinama nikampumulia usoni. Akafungua.

Nilirudi mara nne kumtibu yule ndama mapafu. Mara zote nne nilipumua langoni kwanza. Hakuwa mkali, alifanya kama mtu anayekagua tikiti.

Miezi mitatu ilipotimia nilienda Nakuru. Daktari alisoma karatasi mpya ya damu akafurahi. Ini limerudi vizuri. Niliuliza, na sijui kwa nini niliuliza, kama sasa ninaweza. Akasema mtu wa hali yangu angefanya vyema kuacha kabisa, lakini kama lazima, basi mara moja moja, kiasi. Neno lile lile. Nilitoka pale nikiwa nimelibeba kama cheti.

Mwenye duka alikuwa amehesabu siku, kumbe. Simu ilikuwa inaniita kabla sijashuka stendi. Walikuwa wamenichomea mbuzi. Nilikaa kwenye kile kiti changu kando ya magunia ya chumvi, nikafunguliwa bia moja. Ilikuwa tamu. Watu hawapendi niseme hivyo, wanataka niseme ilikuwa chungu mdomoni. Ilikuwa tamu na baridi, na wenzangu walikuwa wazuri, na kwa saa nzima sikumkumbuka mtu. Nilikunywa ya pili kwa sababu ya kwanza haikunifanya kitu. Baada ya hapo sikuhesabu. Nilifika nyumbani wamelala, au wamezima taa waonekane wamelala.

Asubuhi yule mama akapiga simu. Ndama amevimba tumbo. Nilipiga mswaki mara mbili, nikala kitunguu, nikapanda. Safari hii niliwahi kuliko siku zote.

Alikuja langoni. "Nipumulie."

"Mama, ni jana jioni. Leo sijagusa."

"Nipumulie."

Nilipumua. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia habari aliyokuwa anaitarajia. Hakunitukana. Alisukuma komeo lirudi mahali pake, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akageuka akaenda zizini akiongea na daktari wa ng'ombe wa Elburgon ambaye angechukua saa mbili kufika. Nilimwambia kwa sauti amtie ndama mafuta ya kupikia mdomoni, amtembeze, asimlaze. Sijui kama alisikia. Nilikaa juu ya pikipiki pale nje mpaka yule mwenzangu akafika, akanipita na kunisalimia "Sasa, daktari," akafunguliwa.

Ndama alipona. Niliambiwa na huyo mwenzangu.

Tangu siku hiyo sijanywa, na sijaweka idadi ya miezi. Sijui kama haya ni mapumziko marefu au ni mwisho, na nikiulizwa bado nasema ni ini. Mke wangu ameondoa vitabu kwenye kile kiti. Hakusema kitu, na mimi sikushukuru, niliogopa angevirudisha. Wateja wengine wamehamia kwa wa Elburgon. Mmoja aliniambia bila haya kwamba nilipokuwa nakunywa nilikuwa na mkono mwepesi na maneno mazuri, na kwamba sasa nakaa sana na ng'ombe mmoja.

Msimu uliopita nilikuwa na kazi upande ule wa juu, nikapitia kwa yule mama bila kuitwa. Lango halikuwepo. Mbao za zizi zilikuwa zimeng'olewa na viazi vimepandwa mpaka mlangoni mwa nyumba. Mwanamume nisiyemjua alikuwa ananyunyiza dawa kwa bomba la mgongoni.

"Yule mathe alienda Rongai, kwa msichana wake," aliniambia. "Aliuza kale kang'ombe, akanikodishia shamba. Ulikuwa unamdai?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

"Nilikuwa natibu ng'ombe wake."

Aliniangalia, akaangalia boksi langu. Akashika jani moja lenye madoa meusi pembezoni, akalichuma, akaniletea kwenye ukingo wa shamba.

"Kwani wewe ni daktari? Hebu niangalie hii. Inamaliza shamba lote."

"Mimi ni wa ng'ombe tu," nikamwambia, nikawasha pikipiki.